Somo Linamfuata Mtoto

Kasha, Bukavu, tarehe 9 Machi 2025

Papa Mwalimu,

Naanza na jicho lako. Je, lile la kushoto limekubali dawa, au bado unasoma ukiwa umegeuza kichwa kama kuku anayetazama punje? Na magoti yanasemaje? Sisi huku wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kulitumia neno hilo. Kikohozi changu cha mvua kimerudi, watoto wanakula, mama mkwe anasali kwa sauti kubwa kuliko zamani.

Usishangae kupata karatasi. Siku hizi simu zinafunguliwa barabarani na kusomwa mbele ya mwenyewe, na mtu anaulizwa hata juu ya salamu. Maman Laurette, jirani yangu anayeuza vitenge Nyawera, anakuja Kampala kununua mali. Atakufikia.

Tangu wale wenye silaha waingie mjini mwezi wa pili, shule zilifungwa, kisha zikafunguliwa. Nimerudi darasani kwangu, sixième pédagogique, mwaka wa mwisho wa ualimu, wale ambao karibu wangekuwa walimu wenzangu. Viti vimepungua. Wa kwanza kukosekana ni Honoré. Alikuwa anafanya stage, yale mazoezi ya ualimu, katika darasa la tatu la msingi, na wale wadogo walimpenda mpaka walikuwa wanamngoja njiani ili wambebee mkoba. Jumatatu moja hakuja.

Nikafanya kama ulivyonizoesha. Nilichukua somo la siku ile nikalipeleka kwao. Mama yake alifungua mlango kidogo, akasema, "Ameenda kuchota maji." Kesho yake nikarudi. "Maji iko mbali, Madame," akasema, na machozi yakamtoka huku uso wake haubadiliki. Baadaye nikajua. Walimkamata Nyawera pamoja na vijana wengine, wakawapandisha kwenye majengo ya zamani ya kahawa, juu ya barabara ya kutoka mjini. Huko wanawafundisha bunduki.

Papa, nimekuwa nikifikiria Shabunda. Nilikuwa darasa la tano wakati baba aliponitoa shuleni ili niwabebee wachimba dhahabu chakula. Hukumgombeza. Ulikuja mtoni na viatu vyako vya misa, ukageuza karai, ukakaa juu yake, ukanifundisha kugawanya sehemu. Wachimbaji wakaacha kazi. Mmoja akasema, "Mwalimu, utugawanyie na hii dhahabu, sisi hatusikilizani." Ulirudi tena na tena, mpaka baba akakuambia, "Bwana, unaniletea haya mbele ya watu. Chukua mutoto wako." Ulikuwa unasema kwamba somo linamfuata mtoto popote alipo.

Je, linamfuata hata kule juu? Nadhani najua jibu lako. Lakini nataka kulipata kwa mwandiko wako kabla sijavaa viatu.

Mtoto wako,
Marcelline


Kampala, tarehe 23 Machi 2025

Mwanangu Marcelline,

Jicho la kushoto tumeachana kwa amani. La kulia linafanya kazi ya mawili na halilalamiki. Magoti nayahesabu kuwa ya mtu mwingine. Kikohozi chako usikidharau. Chemsha majani ya mparachichi, na usisimame mbele ya dirisha lililovunjika, maana nadhani bado halijatengenezwa.

Nimeisoma barua yako asubuhi na jioni. Zaidi ya miaka ishirini na mitano nimekaa mji huu wa watu, nikipanga vitabu vya parokia ambavyo wachache wanaviazima, na mara nyingi nimejiuliza kama kuna kitu nilichokifanya Kivu ambacho mvua haikukiosha. Kumbe kimekaa Kasha, kinatafuta viatu vyake.

Nenda.

Lakini nenda vizuri. Panda mchana, watu wakiwa barabarani. Vaa kitenge chako cha kazi, ili wakuone mwalimu kabla hawajakuona mama. Na usimwombe mtoto. Mtu mwenye bunduki amezoea kuombwa watoto, na jibu lake liko tayari mdomoni. Wewe omba saa moja ya kufundisha. Hilo hajalizoea. Itabidi afikiri, na mtu anayefikiri, kwa muda huo, anakuwa mwanafunzi kidogo.

Mimi sikumwomba baba yako anirudishie binti. Nilimwomba nafasi ya kukaa.

Papa yako,
Cyprien


Kasha, Bukavu, tarehe 13 Aprili 2025

Papa Mwalimu,

Je, joto la huko limekupungukia? Maman Laurette anasema umekonda lakini unatembea haraka kuliko kijana anayedaiwa. Nimecheka. Sisi hatujambo. Majani ya mparachichi yamesaidia.

Nilipanda. Mlinzi wa lango, kijana ambaye ndevu zake bado hazijakata shauri, aliniambia, "Maman, unapotea. Huku hakuna masomo, huku iko kazi."

Nikamwambia, "Masomo iko kila fasi. Niko na mwanafunzi wangu humu, amekosa somo. Ninaomba saa moja."

"Somo gani?"

"Kutayarisha somo."

"Somo ya kutayarisha somo?" Akawaita wenzake wasikie. Wakacheka mpaka mkubwa wao akatoka. Komanda huyo ni mtu mpole. Anaongea Kifaransa kizuri, kucha zake safi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama kwa kitambo daftari langu, kisha akasema, "Ingia, Madame. Hakuna aliyewahi kuniomba kitu kama hicho."

Ilikuwa kama ulivyosema, Papa.

Waliwaketisha kwenye sakafu ya saruji walikokuwa wanaanika kahawa. Honoré alikuwa mwishoni, kichwa kimenyolewa, mikono imekuwa mikubwa kuliko yeye. Nilipouliza mwalimu huanza na nini, ni yeye aliyejibu, "Na kile mutoto anachokijua tayari." Nilitaka kulia, nikaandika ubaoni badala yake.

Nilipomaliza wote wakasimama isipokuwa yeye. Nikamwinamia nikadhani anaumwa. Akasema polepole, "Madame, usirudi."

Nadhani aliona aibu kuonekana vile. Vijana wa umri wake wana aibu.

Komanda alinisindikiza mpaka langoni. Akaniomba nije kila Jumatano, akanipa katoni nzima ya chaki, zile ngumu zisizovunjika, ambazo shuleni hatujaziona tangu mwaka juzi. Nikateremka mlima nikiimba kimoyomoyo. Nilikuwa nataka ujue.

Mtoto wako,
Marcelline


Kampala, tarehe 28 Aprili 2025

Mwanangu,

Nimefurahi kwamba kifua kimetulia. Mimi nalala vizuri mpaka alfajiri, kisha nasikiliza jogoo wa Waganda, ambao lugha yao naielewa kuliko majirani.

Jibu la Honoré nimelisoma kwa sauti peke yangu chumbani. Kijana huyo ni mwalimu tayari, apewe diploma au asipewe. Kuna watu hufundisha maisha yao yote wasilijue jambo hilo. Furaha yako nimeishiriki, na pasaka yangu imekuwa ile.

Sasa nivumilie niulize maswali ya mzee. Shuleni na sokoni, nani anajua kwamba unapanda kule? Uliwaambia wewe, au habari ilikutangulia? Kwenye ile sakafu, wanaokaa mbele yako ni walewale wa siku ya kwanza? Na Honoré, ulimwona aibu usoni, au uliiweka wewe?

Sipendi ile chaki. Sina sababu ya kukuandikia zaidi ya hiyo. Nimefundisha chini ya serikali nyingi, na hakuna mtu mwenye jeshi aliyewahi kunipa chaki kwa sababu alipenda maandishi. Angalia ninyi wawili ni nani anayemfundisha mwenzake.

Nijibu upesi.

Papa yako,
Cyprien


Kasha, Bukavu, tarehe 18 Mei 2025

Papa,

Unisamehe, salamu zangu ni fupi. Nakuombea afya. Mimi sina homa ila sili.

Ulichouliza, nimekwenda kukitazama, na nimekiona.

Sakafu imejaa. Jumatano iliyopita nilikuta nyuso ninazozijua, vijana wa shule yetu ambao mama zao walikuwa wamewaficha vijijini Kabare tangu mwezi wa pili. Nilidhani wamekamatwa. Nikamwuliza mmoja, na akanijibu akitabasamu, "Apana, Madame. Nilikuja miye mwenyewe. Walisema uko huku, masomo inaendelea, na diplome itatoka."

Papa, wanatembeza jina langu. Kwenye nyumba, kwenye visima, hata mlangoni pa kanisa, watu wa komanda wanasema kwamba kule juu ni shule sasa, ushahidi ni Madame Marcelline, hamumwoni akipanda kila Jumatano na daftari? Nikiwa nateremka, mama mmoja alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Aksanti, Madame. Nilimuogopea sana. Lakini kama uko naye, mimi ninalala." Alikuwa ametoka kumfikisha mwanawe langoni. Alimfungia na chakula.

Honoré hakuwepo. Nilimwuliza komanda. Akasema, "Amekwenda stage." Nikauliza stage hiyo iko wapi. Akatazama upande wa ziwa, akaniuliza kama chaki bado zipo au aniongezee.

Sasa ndiyo naelewa alichoniambia yule mtoto siku ya kwanza. Yeye alishaona mwezi mmoja kabla yangu.

Niambie la kufanya.

Marcelline wako


Kampala, tarehe 1 Juni 2025

Mwanangu Marcelline,

Sikuulizi juu ya afya. Najua.

Acha. Mimi niliyekuandikia nenda, ndiye ninayekuandikia acha. Nilikupa desturi iliyozaliwa mahali ambapo aliyemshika mtoto alikuwa baba yake, na hata baba mgumu ana aibu ya kushikwa. Sikukupa desturi kwa ajili ya mtu anayetazama ziwa.

Usipande Jumatano. Usiage mtu. Maman Laurette akirudi, vuka naye mto Ruzizi pale mpakani kwa mguu kama mnakwenda kununua unga, kisha mpande basi ng'ambo. Nina chumba na nusu. Nusu ni yako na watoto. Mama mkwe ataniombea kwa sauti, nitazoea.

Najua unachokifikiri: kwamba wale walioko juu ni wako. Ni kweli. Lakini kila Jumatano unayopanda inawaongeza wengine. Huwezi kuwapa somo bila kuwa mlango wa kuingilia. Wewe ni mwalimu mzuri, Marcelline, ndiyo maana wamekuchagua. Mwalimu mbaya hangewafaa kitu.

Njoo.

Papa yako,
Cyprien


Kasha, Bukavu, tarehe 12 Juni 2025

Papa Mwalimu,

Barua yako imenifikia, nami nakusalimu kwa utulivu ambao sikuwa nao mara iliyopita. Nimekula. Watoto na mama mkwe wamevuka jana. Wako kwa dada yangu upande wa pili, usiwe na wasiwasi nao.

Jumatano sikupanda. Komanda akateremka. Alikuja shuleni, akasalimia kila mtu, akaniuliza kwa adabu kama nimeugua. Kisha akamwambia mkurugenzi wa shule kwamba Jumatatu asubuhi madarasa yote makubwa yakusanyike uwanjani, kwa ziara ya mafunzo. Malori yatakuja. Akanigeukia. "Appel ya majina utaifanya wewe, Madame. Wakisikia sauti yako wataitika."

Mkurugenzi amepatwa na homa tangu saa ile.

Nimeifikiria nusu ya chumba chako, Papa, na nimeipenda. Lakini hebu tazama hesabu hii. Nikivuka leo, Jumatatu mtu mwingine atasimama mahali pangu. Atasema Madame Marcelline ametangulia, anawangojea huko, pandeni. Nao watapanda, maana ni mimi niliyewafundisha kwamba ninapowatangulia kuna usalama. Nikibaki, angalau jina langu liko mdomoni mwangu.

Sina nafasi ya kuandika zaidi. Kuanzia sasa mpaka Jumapili nina nyumba nyingi za kupitia. Askari wamezoea kuniona nikipita na daftari kila mtoto anapokosa shule, hata hawanisimamishi. Wanaambiana, "Ni ule Madame wa masomo." Kila nyumba napeleka somo la wiki nzima, na neno moja la kuwaambia wazazi. Neno hilo ni fupi na mtu hahitaji kusoma ili alielewe.

Ulinifundisha kwenda kumwona anayekosekana. Wiki hii ninakwenda kuwafundisha kukosekana.

Usiniandikie kwamba nimekosea. Ungefanya hivihivi, na ungevaa viatu vya misa.

Mtoto wako siku zote,
Marcelline


Kampala, tarehe 25 Juni 2025

Mwanangu,

Natumaini mwili ni mzima. Huku mvua imekata.

Jumatatu ile imepita, na nyingine imepita. Maman Laurette hajaonekana, na kwenye ofisi ya basi wanasema abiria wa Bukavu ni wachache. Dada yako amenipigia: watoto wazima, wanauliza.

Sitasema umekosea. Niandikie mstari mmoja. Ukikosa kalamu, mtume mtu aniambie tu kwamba umekula.

Papa yako,
Cyprien


Kampala, tarehe 13 Julai 2025

Marcelline, mwanangu,

Barua hii siitumi kwa njia tuliyozoea. Naipeleka ofisi ya basi, wazi, bila gundi, kwa anwani ya shule yako. Atakayetaka kuisoma njiani na aisome.

Mtu aliyekuona Jumatatu ile amenisimulia. Simtaji, na usijaribu kukisia, wala wengine wasikisie. Nyumba zinazotazama uwanja ule ni nyingi.

Nimeambiwa kulikuwa na vumbi, kwa sababu kiangazi kimeanza, na malori yalisimama langoni injini zikiunguruma. Ulikuwa umesimama chini ya mlingoti, umevaa kitenge cha kazi. Uwanja ulikuwa mtupu. Hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja. Sielezi ilikuwaje.

Nawe ukaanza kuita.

Uliita darasa kwa darasa, jina na jina la baba. Baada ya kila jina ulisubiri, kama mwalimu anavyomsubiri mtoto anayekuja akiburuta miguu, kisha ukaenda kwenye linalofuata. Nyuma ya madirisha yaliyofungwa kila mama alisikia jina la mwanawe likiitwa, na hakuna aliyeitika. Msimulizi wangu aliniambia, "Mwalimu, nimesikia misa za wafu nyingi. Ile haikuwa misa ya wafu. Alikuwa anaita watu wenye kuwa hai."

Komanda mwanzoni alitabasamu. Baadaye akaacha. Ulipofika katikati ya darasa lako mwenyewe akakukaribia, akasema bila kupandisha sauti, "Nani alikufundisha hii?"

Ukamwambia, "Ngoja, komanda. Sijamaliza. Mtu hakati appel."

Na akangoja. Hilo ndilo msimulizi wangu alilirudia mara nyingi, kwamba mtu yule mwenye malori alisimama akangoja. Ukamwita Honoré. Pale ulisubiri kuliko kwa wote. Kisha ukafunga daftari, ukakunja kitenge kidogo juu ya miguu, ukapanda lori mwenyewe bila kusukumwa, kama mama anayekwenda hija na parokia. Lori likaondoka na mtu mmoja.

Tangu hapo hakuna aliyekuona. Dada yako amekwenda mpaka langoni kule juu. Walimwambia hawana mwanamke yeyote.

Kuna habari nyingine ya wanafunzi wako, habari njema, ambayo hapa siiandiki. Ukiwa hai utaijua. Ingekufurahisha.

Sasa nageuka, mwanangu, niseme na huyu anayesoma karatasi hii kabla yako.

Bwana, uliuliza nani alimfundisha. Yeye hakukujibu kwa sababu alikuwa kazini, na baadaye, nadhani, kwa sababu alinihurumia. Nakujibu mimi. Alikuwa mtoto wa kumi na mmoja, Shabunda, darasa la tano la msingi, safu ya nyuma karibu na mlango. Nilimfundisha kugawanya sehemu. Nilimfundisha kwamba mtoto asiyekuwepo bado ni mwanafunzi, na kwamba jina lake liitwe lote, wala lisirukwe. Kama alilolitenda uwanjani ni kosa, basi halikuanzia kwake. Limetoka kwangu. Nakaa Kampala, Nsambya, nyuma ya kanisa, nyumba yenye mlango wa bluu. Mimi ni mzee na siwezi kukimbia, huna haja ya lori.

Umepata jibu lako. Mimi nina swali moja, na nitaliandika kila wiki, kwa anwani hii na kwa kila anwani nitakayoipata, mpaka mtu anijibu.

Marcelline yuko wapi?

Cyprien Zagabe,
mwalimu wake